Dume la Kenyamonta

Mwalimu Athanas alipotangaza kwamba atalima kiwi, mtaa wake wote pale Turwa ulielewa kitu kimoja tu: dawa ya viatu.

"Kumbe inaota?" aliuliza Bhoke, jirani wa upande wa chini, mjane aliyeuza pesheni sokoni Tarime na kusema lolote lililomjia mdomoni. "Nyeusi au ya kahawia?"

Rhobi, mke wa Mwalimu, alikuwa akianua nguo. Aliinamia beseni ili kicheko chake kisionekane. Miaka thelathini na minane ya kuolewa na mwalimu mkuu ilikuwa imemfundisha kuchekea kwenye beseni, kwenye sufuria, ndani ya khanga, popote palipokuwa na nafasi.

"Kiwi ni tunda," Mwalimu alisema, kwa sauti ile ya kumwonea huruma mtoto wa darasa la pili. "Tena hii siyo ile yenye manyoya. Hii ni ndogo, laini kama zabibu, unaila na ganda lake. Inavumilia baridi. Inatambaa kama pesheni, ila pesheni ni mmea wa watu wasio na subira."

Bhoke, ambaye pesheni zilimsomeshea watoto watatu, alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Haya, mura. Ikizaa uniite. Ikikataa uniite pia, nije kucheka."

Ukweli ni kwamba tangu Mwalimu Athanas astaafu, alikuwa hana wa kumwamuru. Kuku walimkimbia. Watoto wake walikuwa mbali, na simu zao zilikuwa na tabia ya kuisha chaji kila alipofika kwenye neno "nidhamu". Aliwahi kubandika ratiba kwenye mlango wa jikoni, chai saa moja na nusu, usafi saa mbili, na Rhobi aliivumilia wiki nzima kabla ya kuiwashia moto siku kuni zilipokuwa mbichi. Kwa hiyo miche ilipokuja, Rhobi alishukuru. Mche hauwezi kuondoka ukiwa unahubiriwa.

Miche ililetwa na Amos, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa mfanyabiashara Sirari, ambaye naye aliitoa kwa mtu fulani wa milimani huko Kenya. "Mwalimu, hii kitu ni fiti sana, utaniambia," Amos alisema kwa Kiswahili chake cha mpakani. Ilikuja kumi ndani ya boksi. Mwalimu alichukua sita. Baadaye aligundua, kwa uchungu mkubwa, kwamba minne iliyobaki ilinunuliwa na Mwikwabe.

Mwikwabe alikuwa msaidizi wake shuleni kwa miaka kumi na moja. Siku ya kumuaga Mwalimu Athanas alipostaafu, mbele ya wazazi, mwinjilisti na sahani za pilau, Mwikwabe alisimama kutoa neno la shukrani akasema: "Ndugu zangu, sasa tutapumua." Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Mwalimu hakucheka. Mwikwabe naye alistaafu mwaka uliofuata, akarudi kwao Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, na wawili hao hawakusemeshana tena. Wake zao walisemeshana kila Jumamosi kwa simu, tena kwa kirefu, kwa sababu hakuna aliyewauliza kama wamenuniana.

Basi Mwalimu akasimamisha nguzo za mkaratusi, akavuta waya, na kwa kufanya hivyo akameza kamba ya kuanikia nguo, tuta la matembele na nusu ya njia ya kwenda chooni. Mgeni aliyebanwa alilazimika kuinama. Mimea ikashika waya na kupanda kama imetumwa. Mwaka wa kwanza majani. Mwaka wa pili majani. Mwaka wa tatu mmea mmoja, ule wa kona ya juu, ukachanua kuliko harusi ya tajiri, ukajaa maua meupe mpaka nyuki wakagombana. Mwalimu akaita watu waje kuona. Wiki mbili baadaye maua yote yalidondoka, halafu pakawa kimya. Hakuna hata kitufe kimoja.

"Nimeujua huu," alisema akiuzunguka ule mmea mikono nyuma, kama alivyowazunguka wanafunzi waliochelewa. "Huu ni kama mpapai dume. Maua mengi, kazi hakuna. Mvivu."

"Labda umechoka," Rhobi alisema.

"Umechoka nini? Wenzake watano hawajachanua kabisa, wanajiandaa. Huu unawaharibu wenzake."

Akauandikia hukumu. Aliukata asubuhi, mchana akang'oa na kisiki ili usije ukarudi kwa mlango wa nyuma. Rhobi aliuanika, na ulipokauka akauivishia makande. Uliwaka vizuri. Hilo alilisema hata baadaye, kwa haki.

Mwaka wa nne, mwezi wa tisa, ile mitano iliyobaki ikaanza kuchanua. Mwalimu hakulala kwa furaha. Alimpigia simu afisa ugani wa kata, Agustina, ambaye wazee wote walimwita Bibi Shamba ingawa alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Alitaka ashuhudie, na ikiwezekana apige picha.

Agustina alifika na pikipiki yake, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akaingia chini ya waya. Aliinua ua moja, akaligeuza. Akaenda la pili. Akazunguka mimea yote mitano, na kadiri alivyozunguka ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa wa mtu anayetafuta maneno ya msibani.

"Mwalimu, hii yote ni jike. Ona hapa katikati, hii nyota nyeupe. Hapa ndipo tunda linapoanzia." Akapangusa mikono. "Dume liko wapi?"

Mwalimu alikohoa.

"Kulikuwa na mmoja kwenye ile kona," Rhobi alisema. "Ulikuwa na maua mengi, katikati yamejaa vijiti vyeusi na vumbi."

"Eeh! Huo huo. Uko wapi sasa?"

"Tuliupikia makande mwaka jana. Mwalimu alisema ni mvivu, kama mpapai dume."

Agustina alifumba macho kidogo. "Mwalimu, wewe si ulisema ni kama mpapai dume? Ulipatia. Lakini mpapai ukikata dume lako, dume la jirani linakuokoa, nyuki na upepo vinaleta chavua. Kiwi hapa Tarime nani mwingine anayo? Hapo umechinja dume la ng'ombe, halafu unasubiri ndama."

Bahati mbaya Bhoke alikuwa ameshafika kwenye uzio, maana pikipiki ya serikali haiwezi kuingia kwa jirani bila yeye kujua sababu. Alishika tumbo, akajiegemeza kwenye mti wa uzio.

"Mkurya mzima!" alilia. "Umezaliwa zizini, umekulia zizini, umeshindwa kulijua dume!"

Mwalimu aliingia ndani. Rhobi alimkuta amekaa kitandani na kofia yake, anatazama ukuta. Miaka yote alikuwa akitamani kumwona mume wake ameshindwa jambo, japo dogo, na sasa alipomwona hakuona raha aliyoitegemea. Mabega yake yalikuwa yamekuwa madogo. Rhobi alitoka nje na simu.

"Christina," alimwambia mke wa Mwikwabe, "ile miti yenu ya kiwi, inachanua?"

"Weee! Inachanua kama kichaa. Miwili ilikufa, imebaki miwili. Mwaka wa pili huu. Ukipita chini yake kichwa kinajaa vumbi la maua. Tunda hata la dawa. Mzee anawaambia watu bado inakomaa."

Rhobi akacheka, safari hii bila beseni.

Agustina alikuwa amesema maua ya jike hayangoji, siku chache tu yanakuwa yamezeeka. Kwa hiyo Rhobi alimweka mume wake sebuleni, akampigia namba, akamkabidhi simu ikiwa na sauti ya juu. Mwalimu alifunga kwanza vifungo vyote vya shati, akasimama wima.

"Haloo," alisema. "Athanas hapa."

"Athanas yupi?" ilijibu sauti ya Mwikwabe. Christina alikuja kusema baadaye kwamba mume wake aliliona jina kwenye simu, akajirekebisha kola na yeye.

Walianza kwa heshima. Hali ya hewa, mvua, ng'ombe. Lakini ilipofika kwenye jambo lenyewe, Mwikwabe alipogundua kwamba miti yake haikuwa ikikomaa bali ilikuwa madume yasiyo na wake, sauti yake ikapanda daraja.

"Kwa hiyo unahitaji dume langu."

"Nahitaji maua kidogo tu."

"Maua ya dume langu. Sawa. Dume haliendi kwenye zizi la mtu bure. Nusu ya matunda ni yangu."

"Nusu? Mwikwabe, mabinti ni wa kwangu! Tangu lini mwenye mabinti analipa? Wewe ndiye mwenye kijana, wewe ndiye wa kutoa ng'ombe!"

"Ng'ombe kwa ajili ya maua?"

"Mabinti watano, warefu, wamelelewa!"

Hivyo ndivyo walivyoendelea Alhamisi, na Ijumaa wakaanza tena asubuhi. Mwikwabe alitaka mbegu ikipatikana iitwe Mwikwabe Namba Moja. Mwalimu alitaka kwanza lile neno la "tutapumua" lifutwe mbele ya watu wale wale waliolisikia, ambao wawili walikuwa wameshazikwa. Nje, maua ya kwanza yalikuwa yanageuka rangi ya chai ya maziwa na kuanguka kwenye njia ya chooni.

Jumamosi alfajiri Rhobi alichukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, akakitandika kitambaa kibichi, akaondoka. Alipanda gari dogo hadi Nyamongo, wakapita Matongo katikati ya malori na vumbi la machimbo, mahali ambapo kila mtu alikuwa anatafuta dhahabu na yeye anatafuta vumbi la maua. Nyamongo akapanda bodaboda, wakavuka Mto Mara, na saa nne alikuwa Kenyamonta, mgongo unamuuma, khanga imebadilika rangi.

Mwikwabe alikuwa amekaa barazani. Alikuwa amenenepa. "Karibu, shemeji," alisema. "Lakini wazee hatujaafikiana."

"Najua. Nimekuja kusalimia."

Akaketi, akapewa soda. Mwikwabe akaanza kueleza haki za mwenye dume, na alieleza vizuri, maana naye alikuwa mwalimu. Rhobi alimwacha amalize.

"Shemeji," alisema, "mimi nakuuliza wewe unayejua mila. Kwangu kuna wanawake watano, mwanaume hakuna. Hiyo ni nyumba gani?"

Mwikwabe alifikiri. Alitaka kukwepa, lakini jibu lilikuwa moja tu na hakuna mtu wa Mara asiyelijua. "Nyumba ntobhu," alisema polepole.

"Ndiyo. Mwanamke hana mtoto wa kiume, anaoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe zake, halafu anatafutwa mwanaume wa kuleta watoto. Huyo mwanaume akishaleta watoto, watoto wanaitwa jina la nani?"

"La nyumba."

"Analipwa nusu ya watoto?"

"Hapana."

"Anakuja kukaa kwenye kiti cha mbele na kudai ukoo?"

Mwikwabe alimtazama yule mwanamke ambaye kwa miaka kumi na moja alimjua kama mtu wa kuleta chai kwenye vikao. "Anapewa chakula," alisema kwa unyonge, "anaaga."

"Chakula utapewa, shemeji."

Hapo Christina akatokea nyuma ya nyumba, vumbi la maua limemjaa kwenye kilemba, na kile chombo cha Rhobi mkononi kimejaa mpaka mfuniko haufungi vizuri. Alikuwa ameyachuma wakati mume wake yuko kwenye haki ya pili. "Bodaboda anasubiri," alisema.

Jumapili asubuhi Mwalimu Athanas alitoka na suti yake ya kijivu. Alikuwa mzee wa kanisa, na siku hiyo somo la kwanza lilikuwa lake kusoma. Alimkuta Rhobi juu ya kigoda, amevaa sketi ya shambani, anachukua ua la dume na kulisugua taratibu katikati ya ua la jike. Ua moja la dume kwa maua matano, kisha analitupa, anachukua jingine.

"Mama Sarah, ibada."

"Wewe nenda. Haya hayatafika jioni."

Mwalimu alitazama saa. Alitazama maua ya juu, yale yaliyokaribia ncha ya nguzo, ambayo Rhobi hakuweza kuyafikia hata akiwa kwenye kigoda. Kengele ya kanisa ililia. Akavua koti, akalitundika kwenye waya, akaleta ngazi.

"Usisugue kwa nguvu," Rhobi alimwelekeza. "Si ubao huo."

"Hivi?"

"Taratibu. Hapo kwenye nyota. Hivyo."

Na kwa sababu nyumba yao ilikuwa kando ya njia ya kanisani, waumini wote wa upande ule walimwona mzee wao wa kanisa yuko juu ya ngazi, tai ameitupa begani, amelishika ua kwa vidole viwili kwa adabu isiyo ya kawaida. Mwinjilisti Daudi alisimama kwenye uzio na Biblia yake.

"Mwalimu! Somo la kwanza?"

"Soma wewe, Mwinjilisti," Mwalimu alijibu bila kugeuka. "Mimi niko harusini."

Bhoke alikosa ibada pia siku hiyo. Alivuta ndoo akaigeuza, akakaa kuangalia, na baada ya nusu saa alikuwa anatoa maelekezo kwa sauti kubwa, mengine ambayo Mwinjilisti angeyasikia angerudi kumwombea.

Yalishika. Siyo yote, maana Agustina alikuwa ameonya kwamba mmea huo unapenda baridi kali kuliko ya Tarime. Lakini maua arobaini na moja yalibadilika kuwa vitufe vya kijani, na Mwalimu aliyaita mahudhurio kila asubuhi. Alichagua Jumamosi ya pili ya Februari kuwa siku ya kuonja, akachapisha ratiba mjini, nakala ishirini. Agustina alimwambia aguse kwanza, kama bado ni magumu asubiri. Mwalimu alisema ratiba imeshachapishwa.

Watu walikuja. Mwikwabe alikuja na suti, na alipoelekea kiti cha mbele Christina alimvuta mkia wa koti, akakaa cha pili. Mwinjilisti aliomba. Mwalimu alihutubia dakika arobaini, habari za subira, sayansi na taifa. Kisha matunda ishirini yakakatwa vipande vinne vinne, yakapitishwa kwenye sinia kama sakramenti.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu waliofunga mataya. Yalikuwa magumu kama kokwa na machachu ya kutoa machozi. Mwinjilisti Daudi alimeza kwa imani. "Mungu ni mwema," alisema, akaomba maji. Bhoke alitoa kipande chake mdomoni, akakitazama. "Mwalimu," alisema, "hili linafaa kung'arisha sufuria." Mwikwabe akaanza kutikisika mabega, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. Na Mwalimu Athanas, aliyekuwa amesimama na kipande shavuni na uso umekunjamana upande mmoja, alimtazama msaidizi wake wa zamani, kisha kitu kikamfyatuka kifuani. Rhobi alidhani anapaliwa. Alikuwa anacheka. Walicheka wote wawili wameshikana mabega, na watu wakapata nafasi ya kutema.

Yale ishirini na moja yaliyobaki Mwalimu aliagiza wapewe kuku. Rhobi aliyachukua, lakini aliona uchungu. Yeye ndiye aliyekula vumbi la Nyamongo kwa ajili ya matunda hayo. Akayafukia kwenye kapu la ndizi mbivu jikoni, akayasahau. Baada ya siku tisa alisikia harufu akidhani ni ndizi. Alichukua moja, likabonyea kidoleni. Akalitia mdomoni zima.

Alikaa chini. Akala la pili. La tatu alilipeleka sebuleni, akamwekea Mwalimu kiganjani. Mwalimu alilitazama kwa mashaka, akalitafuna. Alifumba macho. Rhobi alisubiri hotuba, na hotuba haikuja.

"Yako mangapi?" Mwalimu aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sita."

"Usimwambie Mwikwabe." Akalamba kidole. "Au mpelekee mawili. Madogo."

Kesho yake Rhobi alisafiri tena kwenda Kenyamonta. Alibeba kumi na mawili, yale ambayo hakumhesabia Mwalimu. Yeye na Christina waliyala nyuma ya jiko, wamekalia vigoda, maji ya matunda yanawachirizika mpaka kwenye viwiko, wakicheka kitu ambacho hata wao wangeshindwa kukieleza.

"Mnacheka nini huko?" Mwikwabe aliuliza kutoka barazani.

"Tunakuandalia chakula chako," Christina alijibu, akachagua mawili, madogo, akayaweka kwenye kisosi.